Toba ya Wazi, Umoja na Ukuaji wa Kiroho katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya umoja wa Wakristo na ukuaji wao wa kiroho kwa kuutazama Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba toba ya wazi ndiyo iliyokuwa kiungo kati ya mambo hayo mawili. Mwamini alihesabiwa kuwa anakua pale alipokubali kuungama mbele ya wenzake na kurekebisha alichoharibu, na umoja ulipatikana kama tunda la maungamo hayo. Hata hivyo, toba hiyo hiyo ilipogeuzwa kuwa kipimo cha kuwapima wengine ilizaa mafarakano. Na ilipoishia kwenye dhambi za mtu binafsi, iliziacha bila kuguswa dhambi za jamii nzima. Makala yanahitimisha kwamba umoja na ukuaji hustawi pamoja pale tu toba inapoanza na anayeungama na inapothubutu kuyataja makosa ya kundi lake mwenyewe.

Maneno msingi: uamsho, toba, ushirika, umoja wa Kikristo, ukuaji wa kiroho, Balokole

1.0 Utangulizi

Katika mafundisho ya makanisa mengi, umoja na ukuaji wa kiroho hufundishwa kama mada mbili. Umoja hushughulikiwa na viongozi, mabaraza na katiba. Ukuaji huachiwa sala, usomaji wa Biblia na maisha ya faragha ya mwamini. Waraka kwa Waefeso hauruhusu mgawanyo huo. Katika sura ya nne, Mtume Paulo anauweka utu uzima wa Kikristo ndani ya mwili wenye viungo vingi, ambapo kila kiungo hukua kwa kadiri kinavyounganishwa na vingine (Efe. 4:11–16). Kwa maelezo hayo, mtu hawezi kukomaa peke yake, wala kanisa haliwezi kuwa moja ikiwa washiriki wake wanabaki wachanga.

Swali linalobaki ni la utekelezaji: ni jambo gani hasa linalokiunganisha kiungo kimoja na kingine ili vyote vikue? Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilijaribiwa kwa muda wa zaidi ya nusu karne katika nchi kadhaa. Kwa sababu hiyo unafaa kuchunguzwa kwa makini, katika mafanikio yake na katika mapungufu yake pia. Makala haya yanaanza na usuli wa Uamsho, yanaeleza namna toba ilivyojenga umoja, kisha yanajadili mazingira mawili ambamo toba hiyo ilishindwa kuulinda.

2.0 Usuli wa Uamsho

Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifika Buganda mwaka 1877. Kufikia miaka ya 1920, Kanisa Anglikana nchini Uganda lilikuwa kubwa, lenye shule, hospitali na makasisi wazalendo. Ubatizo ulikuwa umeambatana na elimu, na elimu ilifungua njia ya uchifu na ajira serikalini. Mafanikio hayo yalileta tatizo jipya. Walikuwapo Wakristo wengi wa kizazi cha pili waliokuwa na majina ya ubatizo na nafasi kanisani, lakini maisha yao hayakutofautiana na ya watu wengine. Wizi, ulevi, ndoa zisizo halali na chuki kati ya watumishi wa kanisa vilijulikana na wengi, ila havikusemwa.

Hali kama hiyo ilikuwapo Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika kituo cha misheni chenye hospitali na shule. Daktari Joe Church alifika huko mwaka 1928, wakati nchi ikiwa katika njaa kali. Kazi ilimchosha, na watumishi waliomzunguka hawakupatana. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na hapo Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya kiroho. Wawili hao walisoma Biblia na kusali pamoja kwa siku mbili. Mkutano huo huhesabiwa na wengi kuwa chimbuko la Uamsho. Inafaa kuzingatiwa kwamba chimbuko hilo lilikuwa urafiki wa Mwafrika na Mzungu walioketi kama wanafunzi wa Neno moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika mazingira ya ukoloni.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Huko palikuwa na mvutano kati yake na Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa wahudumu wa hospitali. Kinuka alibadilika baada ya kukutana na Nsibambi na kukubali kwamba sehemu ya matatizo ya hospitali ilikuwa moyoni mwake mwenyewe. Aliporudi Gahini, alishirikiana na mtu aliyekuwa akimpinga. Tukio hilo dogo lina sura kamili ya mambo yaliyofuata: mtu anakubali kosa lake, uhusiano uliovunjika unaungwa, na kazi ya kanisa inapata nguvu.

Septemba 1935 ulifanyika mkutano mkubwa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa amejiandaa kulisihi kanisa liamke. Mwito wake wa Kiganda, Zukuka, yaani amka, uliendelea kusikika baada yake. Wafuasi wa Uamsho waliitwa Balokole, maana yake waliookolewa. Kuanzia mwaka 1937 timu za wahubiri zilifika Kabete nchini Kenya, na katika miaka hiyohiyo ujumbe uliingia Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, miongoni mwa Walutheri na Waanglikana.

3.0 Namna Toba Ilivyojenga Umoja

3.1 Ushirika wa kila wiki

Kitovu cha Uamsho kilikuwa ushirika, yaani mkutano mdogo wa waamini uliofanyika kila wiki, mara nyingi nyumbani kwa mmojawapo. Waliohudhuria waliitana ndugu na dada. Waliimba, hasa pambio la Kiganda la Tukutendereza, walisoma Maandiko, kisha kila aliyetaka alitoa ushuhuda. Ushuhuda huo haukuishia kwenye habari za siku mtu alipookoka. Ulihusu wiki iliyopita: hasira nyumbani, uongo kazini, wivu kwa mwenzake, au maneno yaliyosemwa kwa siri.

Wana wa Uamsho waliita maisha hayo kutembea nuruni, wakiyajenga juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza. Katika sura hiyo, kutembea katika nuru kunatajwa kuwa ndiko kunakozaa ushirika kati ya mtu na mtu, na damu ya Kristo ndiyo inayosafisha. Mpangilio huo wa mawazo uliwapa mafundisho mawili. Kwanza, ukuaji wa kiroho hauna mahali pa kuhitimu, kwa maana aliyeokoka miaka ishirini iliyopita bado anahitaji kusafishwa leo. Pili, kinachomtenga mtu na mwenzake ni giza, yaani jambo lililofichwa, na kwa hiyo umoja hauwezi kurejeshwa kwa kulifunika jambo hilo.

Mafundisho ya kwanza yalisawazisha hadhi. Askofu, mpishi, daktari na mkulima waliposimama katika ushirika mmoja kama watu wanaohitaji msamaha, vyeo vyao havikufutwa, lakini havikuwa tena ukuta. Mafundisho ya pili yaligusa desturi iliyokuwa na mizizi. Katika jamii nyingi za eneo hili, heshima ya mtu na ya ukoo wake ilitegemea kufichwa kwa aibu. Kuungama hadharani kulionekana kuwa ni kujivunjia heshima, na wengi walishtuka kuona mambo ya ndani yakitolewa mbele ya wageni, vijana na wanawake. Pingamizi hilo halikuwa la bure. Hata ndani ya Uamsho, viongozi walilazimika kujifunza kwamba kuna dhambi ya kuungamwa mbele ya wote na kuna ya kuungamwa kwa aliyekosewa peke yake.

3.2 Kurejesha kilichodhulumiwa

Maungamo yalitarajiwa kufuatwa na tendo. Kama Zakayo katika Injili ya Luka, aliyeungama wizi alipaswa kurudisha alichoiba. Watu walirudisha vifaa vya waajiri wao, walilipa madeni yaliyokuwa yamesahauliwa na walikwenda kwa majirani kuomba radhi. Kwa njia hiyo toba ilionekana na wasiohudhuria ibada, na mara nyingi kilichowavuta kilikuwa uaminifu huo kuliko mahubiri.

Hapa ndipo uhusiano wa umoja na ukuaji unapoonekana wazi zaidi. Ukuaji ulipimwa kwa hali ya mahusiano. Mtu aliyejua Biblia sana lakini hasemi na mke wake, au hajapatana na mwalimu mwenzake, hakuhesabiwa kuwa amekomaa. Mafundisho ya Yesu kuhusu kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupatana kwanza na ndugu (Mt. 5:23–24) yalichukuliwa kama utaratibu wa maisha, na upatanisho ukawa sehemu ya ibada yenyewe.

3.3 Kuvuka mipaka

Matokeo yake yalivuka mipaka iliyokuwa imezoeleka. Wamisionari waliungama mbele ya Waafrika dharau na kiburi chao cha rangi, na Waafrika waliungama chuki yao kwa Wazungu. Katika jamii ambamo mume na mke hawakula pamoja, wanandoa wa Uamsho walianza kuketi meza moja. Mipaka ya madhehebu nayo ililegea. Mwanglikana, Mpresbiteri, Mmethodisti na Mlutheri walijikuta katika ushirika mmoja bila kuandikiana mkataba wowote, na kila mmoja alibaki mshiriki wa kanisa lake.

Josiah Kibira, Mhaya aliyekuwa mwana wa Uamsho na baadaye askofu wa Kilutheri, anafaa kutajwa hapa. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu, alichunguza namna Ukristo ulivyokutana na maisha ya ukoo huko Buhaya. Suala hilo lina uzito kwa mada hii, kwa sababu ushirika wa Uamsho ulifanya kazi zilizokuwa za ukoo: ulimpokea msafiri, uliuguza wagonjwa, ulishauri kuhusu ndoa na ulisimama na wafiwa. Umoja wa namna hiyo ulikuwa na mwili. Uliweza kumlisha na kumlaza mtu.

4.0 Toba Inapogeuka Kuwa Kipimo

Desturi yoyote inayowaunganisha watu inaweza pia kutumika kuwachambua. Mara ushirika ulipozoea kutambua ndugu kwa ushuhuda wake, swali la nani ameokoka kweli lilifuata. Aliyekaa kimya alishukiwa. Aliyeungama kwa maneno tofauti na yaliyozoeleka alionekana hajavunjika moyo. Makasisi wasiojiunga na Uamsho walijikuta wakihubiriwa na waumini wao wenyewe.

Mgogoro uliojulikana zaidi ulitokea mwaka 1941 katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono. Wanafunzi wa Uamsho, wakiongozwa na William Nagenda, waliukemea uovu walioona chuoni pamoja na mafundisho waliyoyahesabu kuwa yanapunguza uzito wa msalaba. Walikusanyika kusali alfajiri sana, kabla ya muda ulioruhusiwa, na walipokatazwa hawakuacha. Wanafunzi 26 walifukuzwa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Uongozi uliona utaratibu wa chuo unavunjwa na wanaojiita watakatifu. Wanafunzi waliona kwamba utii kwa kanuni unatumiwa kuinyamazisha dhamiri. Jambo la kuzingatiwa ni lililofuata. Wengi wa waliofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Nagenda aliendelea kuhubiri bila daraja la ukasisi, na kwa sehemu kubwa Uamsho ulibaki ndani ya Kanisa Anglikana.

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Huko Nyanza, Kenya, waamini wa Uamsho waligawanyika. Upande mmoja uliitwa Joremo, yaani watu wa damu, kwa sababu ya mkazo wao juu ya damu ya Kristo. Upande wa pili uliitwa Johera, watu wa upendo, ambao waliwalaumu wenzao kwa kujitenga na Wakristo wengine na kuwahesabu kuwa hawajaokoka. Mwaka 1957 mgogoro huo ulizaa Kanisa la Kristo Afrika chini ya Matthew Ajuoga. Ni kinaya kizito kwamba kundi lililobeba jina la upendo ndilo lililotoka, na lililobeba jina la damu ya upatanisho ndilo lililolaumiwa kwa utengano. Nchini Uganda nako, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Abazukufu, yaani walioamka tena, lililohusishwa na Yona Mondo, lilidai kwamba Uamsho wenyewe umelala, na likaweka masharti makali kuhusu mikopo na mtindo wa maisha. Ndugu waliokuwa wameungama pamoja kwa miaka mingi walitengana.

Katika matukio haya yote, desturi ya kuungama haikubadilika. Kilichobadilika ni mwelekeo wake. Gahini, Kinuka aliungama kosa lake mwenyewe, na mwenzake akapata nafasi ya kumpokea. Katika mafarakano, ungamo la mmoja lilitumiwa kama kioo cha kumwonyesha mwingine upungufu wake. Paulo alilikabili jambo linalofanana na hilo huko Korintho, ambako wenye karama na wenye ujuzi walivitumia vipawa hivyo kujitukuza juu ya wadhaifu (1 Kor. 8, 12–14). Katika hali hiyo mtu anaweza kudhani anakua, ilhali kinachokua ni daraja lake machoni pa kundi.

5.0 Dhambi Zisizotajwa

Upungufu wa pili ulikuwa wa kina zaidi. Ushirika ulijua kutaja wizi, ulevi na hasira, kwa kuwa hayo yana mtendaji anayejulikana. Haukuwa na lugha ya kutosha ya kutaja dhambi zinazotendwa na jamii nzima kwa njia ya sheria, ardhi, madaraka na kabila.

Nchini Kenya upungufu huo haukuwazuia wana wa Uamsho kuwa mashahidi hodari. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wengi wao katika eneo la Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakieleza kwamba wamekwisha kuifunga ahadi kwa damu ya Kristo. Wapo waliokataa pia kubeba silaha za serikali. Baadhi yao waliuawa. Msimamo huo uliwaweka mahali pagumu kati ya pande mbili, na baada ya vita uliwawezesha baadhi yao kuwa wapatanishi. Hata hivyo, swali la ardhi lililowasha vita hivyo halikuwa sehemu ya ushuhuda wa ushirika. Mkristo mwenzao aliyenyang'anywa shamba la baba yake angeweza kuungama chuki yake katika ushirika. Aliyenufaika na unyang'anyi huo hakuulizwa lolote.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja Rwanda, nchi ya Gahini yenyewe. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Wakristo wa madhehebu mbalimbali waliwaua Wakristo wenzao, na makanisa kadhaa yaligeuka kuwa mahali pa kuchinjia waliokimbilia humo. Walikuwapo pia waamini waliokataa kutenganishwa na ndugu zao na kufa pamoja nao, na waliowaficha waliowindwa. Itakuwa si haki kuutwisha Uamsho lawama ya mauaji yaliyopangwa na dola na itikadi yake, tena katika nchi ambayo Wakatoliki walikuwa wengi kuliko Waprotestanti. Lakini itakuwa si kweli kudai kwamba miaka sitini ya mafundisho ya toba ilitosha kuing'oa chuki iliyopandwa na siasa za kikabila. Ushirika ulikuwa umewafundisha watu kuungama dharau kwa jirani fulani mwenye jina. Haukuwa umewafundisha vya kutosha kuhoji kitambulisho kilichowagawa, shule iliyowabagua wala mahubiri yaliyonyamaza.

6.0 Mjadala

Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza ni kwamba umoja uliodumu katika Uamsho haukutafutwa kwa ajili yake wenyewe. Waliokuwa Gahini na Kabale hawakukutana kujadili umoja. Walikutana kwa sababu ya dhambi na msamaha, na umoja ukafuata. Pale umoja ulipotangulizwa kama jambo la kulindwa kwa gharama yoyote, kama ilivyoonekana kwa uongozi wa Mukono, ulielekea kuwa utulivu wa nje tu.

La pili ni kwamba toba ina mipaka yake ya usalama. Inahitaji mtu awe huru kuungama na awe huru kunyamaza. Inahitaji pia mamlaka inayoweza kuvumilia ukosoaji bila kufukuza, na wakosoaji wanaoweza kubaki bila kudharau. Uamsho ulibaki ndani ya makanisa ya zamani pale ambapo pande hizo mbili zilikuwa na subira hiyo kwa kiasi fulani.

La tatu ni kwamba Biblia yenyewe inayo mifano ya toba ya jamii. Danieli na Ezra, kila mmoja katika sura ya tisa ya kitabu chake, na Nehemia katika sura ya kwanza ya kitabu chake, wanazihesabu dhambi za taifa kuwa zinawahusu na wao pia. Hakuna mmoja wao anayesema hayo yalitendwa na wengine. Toba ya namna hiyo haikuwa ngeni kwa Maandiko ambayo Uamsho uliyasoma kila wiki. Ilikuwa haijapewa nafasi katika ushuhuda. Baada ya mwaka 1994, makanisa ya Rwanda yalilazimika kujifunza lugha hiyo katika mazingira machungu mno, na lugha ya zamani ya Uamsho, ya kutaja kosa kwa jina lake na kumwendea aliyekosewa, iliwapa baadhi yao mahali pa kuanzia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba katika Uamsho wa Afrika Mashariki umoja na ukuaji wa kiroho viliunganishwa na toba ya wazi. Toba iliyoanza na anayeungama, ikafuatwa na kurejesha kilichodhulumiwa, ilivuka mipaka ya rangi, cheo, ukoo na dhehebu. Toba iliyotumika kupima wokovu wa wengine ilivunja ushirika huko Nyanza na Uganda. Toba iliyokoma kwenye makosa ya mtu mmoja mmoja haikuliandaa kanisa vya kutosha dhidi ya chuki ya kikabila.

Kwa kanisa la leo, ambalo mara nyingi hukabidhi umoja kwa kamati na ukuaji kwa semina, historia hii inaelekeza kwenye vikundi vidogo vya waamini wanaojuana kwa majina: jumuiya za mitaa, kwaya, umoja wa akina mama na wa vijana. Huko ndiko mtu anakoweza kuulizwa kama amepatana na mwenzake. Huko pia ndiko kundi linakoweza kujiuliza, bila kusubiri maafa, ni nani ambaye hajawahi kuketi nalo, na ni kwa sababu gani.